Ushuhuda wa Zakayo Ulikuwa Kurudisha Mali

Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi mkuu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisafiri hadi Kampala kuonana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameacha kazi ya afya serikalini ili ahubiri Injili. Kinuka alifika na malalamiko yake: hospitali haiendi, kazi imedorora. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba chanzo cha hali hiyo kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Ni neno gumu kumwambia mgeni aliyetoka mbali. Lakini lilimwingia, na akiwa garini, njiani kurudi Gahini, akamkabidhi Mungu maisha yake. Aliporudi kazini wenzake waliona mtu mwingine, na baada ya muda nao wakaanza kumfuata mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye mizizi ya kile tunachokiita Uamsho wa Afrika Mashariki. Mzizi mwingine ni Septemba 1929, Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana kilimani Namirembe, wakakaa na Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu, katika enzi ambayo jambo hilo lilikuwa la kushangaza. Kutoka Gahini na Kampala uamsho ulienea Uganda yote na Burundi, ukaingia Kenya mwaka 1937, ukashuka Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa akifanya kazi Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na mwito wake kwa kanisa kwamba liamke ukawa ujumbe uliohubiriwa Uganda nzima baada ya kifo chake. Watu hawa hawakuwa na kipaza sauti. Hawakuwa na bajeti ya matangazo. Wengi wao hawakuwa hata wachungaji.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa kilichowavuta majirani zao. Tukisema ni Roho Mtakatifu, tumesema kweli, na mimi naamini hivyo. Lakini Roho huyo alipita kwenye mambo yanayoonekana. Watu walirudisha vitu. Mtu aliyekuwa ameiba jembe alilirudisha kwa mwenyewe mchana kweupe. Aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa bila kuitwa. Mume aliungama kwa mkewe, na mzee akaomba radhi kwa kijana, jambo ambalo mila zetu hazikulizoea. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi baada ya kuokoka alivyopanda baiskeli na kusafiri mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha Mwingereza mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mzungu yule hakuwa amemdai chochote. Kivengere alijua tu kwamba chuki ile ni deni, na dawa ya deni kulipa.

Hoja yangu ni kwamba imani ya Kikristo huwagusa wengine kwa nguvu pale inapomrudishia mtu haki yake. Wapo wanaogusa kwa mahubiri, wapo wanaogusa kwa nyimbo, na sina ugomvi nao. Ila mtu wa nje, asiyejua mistari wala mapambio, anao ushahidi mmoja tu anaoweza kuupima mwenyewe: ulikuwa umemchukulia nini, na sasa umemrudishia?

Biblia haikuliacha jambo hili kwenye hisia. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinaagiza kwamba mtu aliyemkosea mwenzake aungame, alipe kile alichokosa kwa ukamilifu, tena aongeze sehemu ya tano juu yake. Asilimia 20! Katika Injili ya Luka, Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, anakwenda mbali zaidi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Tumeihubiri habari hii tukakaa sana kwenye mkuyu na kimo cha Zakayo, hata watoto wetu wanajua alikuwa mfupi lakini hawajui alilipa kiasi gani. Mimi hupenda kuwafikiria watu wa Yeriko kesho yake asubuhi. Yuko mjane ambaye mtoza ushuru alimzidishia kodi miaka mitatu iliyopita. Anasikia hodi, anafungua, anamwona Zakayo ana mfuko mkononi. Mama yule hahitaji kufafanuliwa kwamba Yesu wa Nazareti alipita mjini.

Ndugu zangu wa makanisa ya Kiprotestanti hunijibu kwamba wokovu ni kwa neema, na kwamba mkazo wa kulipa unaweza kumrudisha mtu kwenye kuununua mbingu kwa matendo. Hofu hiyo naielewa. Lakini hebu tuangalie mpangilio wa habari yenyewe: Yesu alijikaribisha nyumbani kwa Zakayo kabla huyo hajatoa hata senti moja, na watu wakanung'unika. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama na kutamka hesabu yake, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humo. Mtu aliyesamehewa deni kubwa hawezi kuendelea kukalia vijideni vya watu. Na kama anaweza, basi majirani wana haki ya kuuliza alisamehewa nini hasa.

Sasa nije kwenye sehemu inayouma. Mtu yeyote anayeusifu Uamsho ni lazima akabiliane na Rwanda ya mwaka 1994. Nchi ile ile iliyokuwa na Gahini, nchi ambayo wananchi wake walio wengi mno walibatizwa, iliua watu wake kwa mamia ya maelfu ndani ya siku zipatazo 100, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia kujificha. Pale Nyange, magharibi mwa nchi, jengo la kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwa wamejisitiri ndani. Paroko wao, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha.

Jibu jepesi ni kusema wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo linatufariji sisi tuliobaki, na ndiyo maana siliamini. Ninavyoiona historia ile, toba iliyoleta uamsho ilichimba kwa kina kwenye dhambi za mtu mmoja mmoja: wizi, uzinzi, ulevi, kinyongo. Ilirudisha majembe na ng'ombe. Ila kulikuwa na wizi mwingine uliokuwa ukiendelea mchana, wa kuwagawa watu, Wahutu na Watutsi, kwa vitambulisho vya kabila ambavyo utawala wa Kibelgiji ulivianzisha miaka ile ile ya 1930, na shule za misheni zikashiriki katika kuamua nani apewe nafasi na nani anyimwe. Baadaye upande uliopendelewa ulibadilika, kutoka Watutsi kwenda Wahutu, mgawanyo ukabaki. Dhambi hiyo haikuwa na mtu mmoja wa kuiungama mbele ya kusanyiko. Kanisa kama taasisi liliikalia kwa miongo, na watu waliojua kuungama kila Jumapili hawakufundishwa kwamba hata lile lilikuwa deni.

Uganda inaonyesha kwamba njia ile ile ya uamsho ingeweza kufika mbali zaidi. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 kwa ushawishi wa walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho, akawa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka 1974, wakati Idi Amin akiwa madarakani na watu wanapotea. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na unyanyasaji. Tarehe 16 mwezi huo akauawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda. Yule aliyejifunza kuweka mambo yake wazi mbele ya ndugu zake alikuwa na ujasiri wa kumtaka mtawala naye aweke yake wazi. Naona uhusiano wa moja kwa moja kati ya mambo hayo mawili.

Na hata ndani ya Rwanda walikuwapo. Félicité Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki aliyekuwa akihudumu katika kituo cha Saint Pierre, Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, aliwahifadhi Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke ajiokoe. Alijibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu zaidi ya 40 aliokuwa nao, akabaki, na akauawa pamoja nao Aprili 1994. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari hapo hapo Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda, na kadhaa wao wakauawa kwa risasi na mabomu ya mkono. Rwanda inawaenzi kama mashujaa wa taifa, pamoja na Félicité. Mahali palipovunjiwa kanisa na mchungaji wake, watoto wa shule walikataa kugawanywa. Sijui mahubiri yaliyo makubwa kuliko hayo.

Tuyaache ya Rwanda, maana ni rahisi kuhukumu ng'ambo. Huku kwetu ushawishi wa Kikristo umekuwa mwingi sana wa sauti. Daladala zina mistari ya Biblia kwenye vioo. Makundi ya WhatsApp yanaamka na neno la siku. Salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" inapigwa benki, sokoni, hata kwenye foleni ya leseni. Nafurahi kuisikia. Lakini mwulize mwenye duka la jumla anaogopa kumkopesha nani, au mwenye nyumba anahangaika na mpangaji gani, na usishangae jina la mtumishi likiwa katika orodha. Fundi anapokea advansi ya kitanda, anaimba kwaya Jumapili mbili, tatu, na kitanda hakijapigwa hata msumari. Dada wa kazi anaamshwa saa kumi alfajiri ili mama awahi ibada ya asubuhi, na mshahara wake wa mwezi uliopita bado "unaangaliwa". Dada huyo ndiye mtu anayejua dini ya nyumba ile kuliko mchungaji. Akirudi kijijini kwao, habari atakayoipeleka kuhusu watu waliookoka ndiyo Injili watakayoisikia kwanza.

Na tukija makanisani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu hapo kuna jina la kulinda. Mweka hazina anakula fedha za ujenzi. Wazee wanakutana usiku, wanasali, wanakubaliana tusiliaibishe jina la Bwana. Mhusika anapumzishwa kimyakimya, fedha hairudi, washarika wanaombwa kuchanga upya. Halafu tunashangaa kwamba vijana wanatoka. Vijana wameona hesabu. Jina la Bwana halikuwahi kuaibishwa na Zakayo kusimama mbele za watu akataja alichokula. Liliaibishwa miaka yote aliyokaa kimya huku akitajirika.

Kenya ilitupa mfano mzuri hivi karibuni. Baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024, ambapo makanisa yalinyoshewa kidole kwa kuwakaribisha wanasiasa na mabunda ya noti madhabahuni, Rais William Ruto alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, mwezi Novemba, akatoa zaidi ya shilingi milioni 2 na kuahidi nyingine. Siku hazikupita nyingi, Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Wapo waliosema amejenga uadui na ikulu, wapo waliosema parokia ilizihitaji. Bila shaka ilizihitaji! Nyumba ya padri haijengwi kwa sala. Lakini kijana wa Nairobi ambaye alikuwa amekata tamaa na kanisa alisikia siku hiyo kwamba askofu amerudisha fedha, na ujumbe huo ulimfikia bila mtu kumtafsiria.

Kuna sehemu moja ambayo ningependa makanisa yetu ya Tanzania yaanzie, nayo ni lumbesa. Nenda Njombe au Makambako msimu wa viazi. Gunia linajazwa hadi mdomo, linatingishwa, linashindiliwa tena, kisha linaongezewa kichwa cha wavu au kipande cha gunia lingine, kinajazwa nacho, na mzigo mzima unashonwa kwa kamba ukiwa umevimba kiasi kwamba mbebaji mmoja hauwezi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima amesimama pembeni, anajua vizuri anachoibiwa, lakini viazi havisubiri na dalali ana simu mkononi tayari kumpigia mkulima mwingine. Analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi, wakuu wa mikoa wametoa matamko, na lumbesa ipo. Na wanunuzi wale wengi wao si wapagani. Ni wazee wa kanisa, ni wanakwaya, ni watu wanaotoa fungu la kumi kwa uaminifu, na sehemu ya fungu hilo imetoka kwenye kile kichwa cha gunia.

Namfahamu mnunuzi mmoja wa viazi, mzee wa kanisa huko Nyanda za Juu Kusini, ambaye neno la Zakayo lilimkamata. Alinunua mizani, akaanza kulipa kwa kilo. Hilo peke yake lilimletea maneno kutoka kwa wanunuzi wenzake, kwamba anaharibu soko. Ila yeye hakuishia hapo. Alirudi katika kijiji alichonunua zaidi msimu uliotangulia, akaketi na mtendaji na daftari lake, wakapiga hesabu ya kilo alizochukua bure kwa kila mkulima kadiri alivyoweza kukumbuka. Haikuwa sherehe. Kuna waliopokea wakashukuru, kuna waliohesabu noti mara mbili wakiwa wamenuna. Mkulima mmoja akakataa fedha: "Mzee, hela nitaila wiki hii hii. Niletee mfuko wa mbolea mvua zikianza." Akaupeleka. Wawili hawakutaka hata kuonana naye, na hana la kuwafanya. Deni unaweza kulilipa lakini huwezi kumlazimisha mwenzako apoe moyo.

Kilichonigusa ni jinsi habari ilivyosafiri. Yeye hakuisimulia kanisani, na mchungaji wake alikuja kuisikia kutoka kwa kondakta wa basi. Wakulima wa vijiji jirani walianza kupiga simu kuuliza "yule mzee wa mizani" anakuja lini, na miongoni mwao wako ambao hawajawahi kukanyaga kanisani. Sijui kama watakanyaga. Wanajua tu kwamba yuko Mkristo ambaye ukimuuzia viazi unalipwa viazi vyote.

Ningependa kuona jambo hili likiingia kwenye mafundisho ya ubatizo na kipaimara, mahali ambapo tunawakaririsha vijana amri 10 bila kuwauliza iwapo kuna mtu wanayetakiwa kumrudia. Ningependa mchungaji anayepokea ushuhuda wa mtu aliyeokoka aulize, kwa upole na faraghani, nani unamdai na nani anakudai, kisha amsindikize kwenda kulipa kama ataogopa kwenda peke yake. Walokole wa zamani walifanya hivyo, walisindikizana. Na ningependa mabaraza ya wazee yaanze kwao wenyewe, kwa hesabu za kanisa kusomwa hadharani zikiwa na mapungufu yake, na kwa kumwita kwa jina kila mshirika anayefungasha lumbesa.

Maana katika kanisa la yule mzee wa mizani, mzee mwenzake naye ni mnunuzi wa viazi. Bado anafungasha kichwa juu ya gunia, kila msimu, kijiji kile kile. Jumapili wanakaa benchi moja, na baraza halijawahi kuliweka jambo hilo kwenye ajenda.